Mashine ya kusomea chapa kwa kidole: je, ingali na faida kwa asiyeona?

Bi wa Shela, Malindi

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke nisiyeona tangu nikiwa na umri wa miaka 11, na haya ninayaandika kwa simu inayonitamkia kila ninachokigusa. Mwezi uliopita jirani yetu, mzee wa Kiitaliano ambaye naye alikuwa haoni, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija kubarizi nasi baada ya sala ya alasiri, alirejea kwao kuishi na wanawe. Kabla ya kuondoka aliniachia mkoba wenye mashine iitwayo Optacon. Alinishika mkono wa kushoto, akakilaza kidole changu cha shahada katika kijibonde kilichochongwa kwenye mashine, akaniambia kwamba hapo chini ya kidole ndipo herufi zinapoinuka, wakati mkono wa kulia unapitisha kamera ndogo juu ya karatasi. Sikuhisi kitu, kwa kuwa betri ilikuwa imekufa siku nyingi.

Ninachouliza ni hiki: inafaa niitengeneze na kujifunza kuitumia, au wakati wake umepita? Gazeti na bili za maji simu hunisomea. Lakini ndani ya kasha la marehemu mama yangu kuna barua alizokuwa akiandikiwa na baba, aliyekuwa baharia wa majahazi, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Simu ikizisoma hutoa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Watoto wa ndugu zangu hawazijui herufi hizo kwa Kiswahili. Wapo wazee mtaani wanaozijua, lakini hizi ni barua za mume kwa mkewe, nami naona haya kumpa mtu wa nje azisome kwa sauti mbele yangu.

Kijana wa Barani

Shikamoo, mama. Kwa heshima zote, naona usijitie gharama. Mashine hiyo iliacha kutengenezwa mwaka 1996, kwa hiyo vipuri vyake havipatikani dukani. Simu husoma ukurasa mzima kwa muda ambao mashine hiyo ingekuwa bado kwenye mstari wa kwanza. Barua hizo tafuta mwanamke anayejua khati, akusomee faraghani.

Mwalimu wa nukta nundu, Langoni, Lamu

Wa alaykum salaam, dada yangu. Kijana amesema kweli kuhusu kasi, lakini swali lako halikuwa la kasi, na ndiyo maana nimeona nikujibu kwa kirefu.

Optacon ilibuniwa na John Linvill, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, kwa ajili ya binti yake Candy, aliyekuwa haoni tangu akiwa na miaka 3. Mama yake mtoto huyo alikuwa akikaa saa nyingi akimwandikia vitabu kwa nukta nundu. Mwaka 1962 Linvill alikuwa ziarani Ujerumani, akaona mashine ya kuchapa ya kompyuta iliyokuwa ikipiga herufi kwa safu ya nyundo ndogo, akawaza kwamba mtu akiziwekea nyundo hizo kidole angeweza kuitambua herufi kwa kuguswa nayo. Alishirikiana na mhandisi James Bliss, wakaunda kampuni ya Telesensory Systems mwaka 1970, na mashine ikaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Zilitoka zaidi ya 10,000 duniani.

Ufanyaji kazi wake ndio unaonifanya niitetee. Chini ya kidole chako pana vijipini 144, yaani safu 6 zenye vijipini 24 kila moja. Kamera, ambayo ukubwa wake ni kama wa kisu cha mfukoni, ina idadi hiyohiyo ya vijicho vya kuonea mwanga, na kila kijicho kina kijipini chake. Pale kijicho kinapoona wino, kijipini chake hutetema kiasi cha mara 230 kwa sekunde. Pale kinapoona karatasi tupu, kijipini hutulia. Basi herufi hupita chini ya kidole jinsi ilivyo kwenye karatasi, kwa umbo lake, ikiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Mashine haijui kwamba hiyo ni alifu au ni A, wala haijui lugha. Simu hukisia neno kisha ikakutajia makisio yake, na ikikosea huna njia ya kurudi kulitazama umbo lenyewe. Optacon hukupa umbo, na kazi ya kusoma inabaki kuwa yako. Ndiyo maana Wajapani waliweza kuitumia kwa maandishi yao, na ndiyo maana wapiga taipu wasioona waliitumia kukagua walichokichapa wakati karatasi ingali kwenye mashine, kwa kuwa ilikuwa na lenzi maalumu ya kazi hiyo.

Sasa nije kwako wewe. Waliozaliwa hawaoni walipofundishwa Optacon walilazimika kwanza kujifunza maumbo ya herufi ambazo hawakuwahi kuzihitaji, maana nukta nundu haifanani nazo hata kidogo. Wewe uliona hadi miaka 11. Bila shaka ulikwenda chuoni kusoma Kurani, ukaandika kwenye ubao, ukafuta, ukaandika tena. Umbo la jimu na la ain unalo kichwani mpaka leo. Huo ni mtaji ambao wanafunzi wengi wa mashine hii hawakuwa nao.

Ugumu upo, na sitaki kuuficha. Mafunzo ya mwanzo yalichukua kiasi cha saa 50, na mtu alipomaliza alikuwa akisoma takriban maneno 10 kwa dakika. Waliozoea kwa miaka walifika 40 au zaidi, lakini wengi waliishia chini ya hapo. Herufi za chapa husimama mbalimbali, ilhali za Kiarabu hushikana, na dirisha la kidole ni jembamba, hutosha herufi moja tu. Itakubidi uvute kamera kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, kisha urudi kuhesabu nukta, zipo juu au chini, ni moja au tatu. Zaidi ya hayo, mwandiko wa mkono ulikuwa mgumu kwa karibu kila mtumiaji, na katika Kiswahili cha khati sauti kama p na ch kila mwandishi alikuwa na kawaida yake. Utahitaji kumjua baba yako kwa mwandiko wake kabla ya kumwelewa. Lakini barua ni zako, haraka huna, na hata mistari mitatu kwa jioni moja ni kusoma.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na barua hizo. Anza na herufi kubwa za kalenda ya ukutani, kisha kitabu cha watoto, kisha juzuu iliyochapwa kwa herufi nene, ambayo maneno yake umeyahifadhi tayari, ili kidole kijifunze kutokana na moyo. Laza rula chini ya mstari, kamera iegemee hapo, kwa sababu mkono ukipanda au ukishuka kidogo tu herufi hukatika kichwa.

Fundi wa redio, Mkomani, Lamu

Bi mkubwa, nimewahi kuifungua mashine ya aina hiyo, kwa hiyo nitasema la ufundi tu. Usiichomeke kwenye umeme kabla haijafunguliwa. Betri zake ni za nikeli na kadimi, na zikikaa miaka hutoa unga unaokula shaba, na hewa yetu ya chumvi huongeza. Fundi yeyote mwangalifu anaweza kuzitoa, kusafisha na kuunganisha nyingine zenye volti ileile. Vijipini asiviguse kwa kitu chochote chenye ncha. Kila kimoja kimebebwa na kijiti chembamba cha kauri kinachopinda umeme ukipita, na kikivunjika hakuna cha kukibadilisha. Ipo swichi ya kukuza herufi na nyingine ya kiasi cha weusi. Kwa karatasi iliyogeuka manjano, hiyo ya weusi ndiyo muhimu, maana bila kuirekebisha vijipini vyote vitatetema kwa pamoja na hutapata umbo lolote.

Kwanza hesabu safu kwa ukucha, taratibu. Zikiwa 6 ni ya zamani. Zikiwa 5 ni ile iliyofuata, yenye vijipini 100.

Bi wa Shela, Malindi

Nawashukuru nyote, na wewe mwanangu wa Barani pia, kwa kunihurumia. Nimehesabu, safu ni 6. Fundi wa hapa kwetu alitoa betri nne zilizokuwa zimefanya ukoga, akaweka nyingine, na juzi baada ya isha mashine ilivuma kama mzinga wa nyuki. Mpwa wangu alinitandikia kalenda mezani na rula chini yake. Saa nzima nilipata neno moja, JUMATANO, na hiyo M niliisoma mara mbili kama N mbili zilizofuatana kabla sijajua kwamba nilikuwa nikivuta kamera haraka mno. Kidole kiliniwasha hadi nilipolala.

Mwalimu, juzuu ninayo. Kasha la mama nimelirudisha chini ya kitanda kwa sasa, ila nimetoa bahasha moja, nikapitisha kamera juu ya anwani tu. Nilipata alifu, imesimama peke yake, ndefu kidogo na imeegemea kushoto. Baba alikuwa akiziandika hivyo hata ubaoni kwangu.