Mjadala: Dampo likijaa, tumwage udongo tu au tutoe gesi kwanza?

Mleta mada: Wadau, dampo la Mtoni, Dar es Salaam, lilipofungwa 2007 liliwekewa mradi wa kukusanya gesi na kuichoma. Kwingineko watu wanadai udongo tu, harufu iishe. Napinga. Methani, gesi inayowaka itokayo kwenye taka zinazooza, ikizibwa juu inatambaa pembeni, kwenye mchanga, nyufa za mwamba na mitaro ya mabomba, mpaka chini ya nyumba za watu. Ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa ya chumbani, cheche ya swichi inatosha.

Mpimaji: Kweli kabisa. Loscoe, Uingereza, 24 Machi 1986, nyumba jirani na dampo lililokwishafungwa ililipuka, watu watatu wakaumia vibaya. Mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka milibari 29 ndani ya saa 7, gesi ikapanda kutoka ardhini. Kwa hiyo pimeni hasa mgandamizo unaposhuka. Msitegemee pua, methani yenyewe haina harufu.

Mjenzi: Mkuu mleta mada, hapo kwenye udongo sikubaliani nawe. Dampo lisipofunikwa, mvua inaingia, visima vya gesi, yaani mashimo yenye mabomba ya kunyonyea gesi, vinajaa maji machafu na hakuna kinachonyonyeka. Tena feni ya kunyonya gesi ikivuta kwa nguvu, hewa inapenya juu palipo wazi, taka zinashika moto chini kwa chini, na moto huo kuuzima ni kazi ya miezi. Funikeni, ila visima na mabomba vitangulie. Mabomba yawe na mwinamo, la sivyo maji ya mvuke uliopoa yanatuama na kuyaziba.

Mdau wa halmashauri: Na umeme wa feni atalipa nani?

Mjenzi: Kwa dampo la kina kifupi, chimbeni mtaro kati ya taka na nyumba, upana kama mita 1. Ushuke hadi tabaka la mfinyanzi au maji ya ardhini. Ukiishia juu yake, gesi inapita chini na fedha zimepotea. Upande wa nyumba bandikeni nailoni nzito, jazeni kokoto safi, lazeni bomba lenye matundu na kusimamisha mabomba ya kutolea gesi. Juu zibeni kwa mfinyanzi, tope lisiingie kwenye kokoto. Hauhitaji umeme.

Mpimaji: Ongezeni visima vya kupimia nyuma ya mtaro, upande wa nyumba. Uingereza, methani ikizidi asilimia 1 juu ya kiwango cha asili kwenye mpaka wa dampo, hatua zinachukuliwa. Bila visima hivyo, halmashauri itajuaje kama mtaro unafanya kazi?