Tupeane uzoefu: ulipofilisika, Mwanza ilikuchukuliaje?

Mwana Kirumba:
Habari zenu wakuu. Leo asubuhi niko Mlango Mmoja, likapita gari la matangazo na spika juu, linatangaza mnada wa nyumba ya mtu: jina lake kamili, mtaa wake, saa ngapi. Watoto wanalikimbilia kwa nyuma. Nilishindwa kuvuka barabara. Mwaka 2016 jina lililokuwa linatajwa kwenye spika kama ile lilikuwa langu.

Nilikuwa nachukua dagaa mwaloni Kirumba napeleka Kongo. Mvua za masika zikaukuta mzigo wa mkopo bado uko juani. Nyumba nimeshaisahau. Sijamsahau mama ntilie niliyekula kwake miaka minne, siku ya pili yake akashika sahani mkononi akaniambia, "Shemeji, leo hela kwanza." Waliopitia haya waje.

Ng'wana Igoma:
"Hela kwanza." Naijua hiyo, kaka. Naijua sana.

Mama Wawili wa Nyakato:
Umenitonesha. Mimi ilikuwa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya. Nilikopa ya pili kulipa ya kwanza, ya tatu kulipa ya pili, halafu nikagusa na hela ya kikundi. Wenzangu wa kikundi walikuja saa moja asubuhi, wanawake kumi na mmoja, wote nimewahi kuwapikia chai kwenye sebule ile ile. Wakabeba makochi, TV, mtungi wa gesi. Kwenye godoro alikuwa amelala mwanangu wa mwisho. Mmoja wao akamwinua, akamlaza sakafuni polepole, akamfunika khanga asiamke, kisha akalikunja godoro akatoka nalo.

Majirani walikuwa nje wote. Hakuna aliyesema neno. Jioni ndiyo nikasikia bombani: "Ndagu zimemrudia," yaani uchawi wa kutafuta utajiri. Mimi muuza mitumba! Mganga hata simjui anakaa wapi. Mwaka mzima nilichota maji saa nne usiku ili nisikutane na mtu.

Kijana wa Mabatini:
Pole dada. Ila tusidanganyane, ndagu zipo. Kuna tajiri mmoja Magu masharti yalimshinda, leo anaokota makopo.

Mama Wawili wa Nyakato:
Kijana, nimeandika mwanangu ameondolewa godoro, wewe unaniletea tajiri wa Magu? Maneno kama haya ndiyo yalinifanya nichote maji usiku.

Ng'wana Igoma:
Mabatini, omba radhi. Ukipata, ndagu. Ukikosa, ndagu. Kwani mvua hainyeshi?

Muuza Nyavu:
Nisemee upande wa pili. Kuna mtu nilimpa nyavu na injini kwa maneno matupu, tumekula wote. Milioni nne. Amenibloku. Tukikutana Buhongwa anakatisha uchochoroni. Mnasimulia aibu zenu nami nawaonea huruma kweli, lakini wanangu wamerudishwa nyumbani kwa ada. Aibu yake haijawalipia.

Mwana Kirumba:
Una haki, mkuu. Hata mimi niliwakatia watu uchochoroni.

Wa Visiwani:
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Ngoja niseme.

Nilikuwa na mitumbwi mitatu. Operesheni ya 2018 nyavu zangu zilichomwa, na sijitetei, nyingine zilikuwa timba, zile nyavu haramu. Deni halikuungua. Wadai walikuwa wanakuja siku za mbalamwezi, wanajua dagaa hazivuliwi, nipo nyumbani. Usiku mmoja niliacha simu mezani nikapanda boti ya mizigo. Kambini nikajiita jina la marehemu mjomba. Mimi niliyekuwa bosi nikawa naanua dagaa mchangani kwa posho ya siku.

Baada ya miezi minane ziwa likatoa maiti. Mke wangu akaitwa kuitambua. Uso ulikuwa umeharibika, akaomba afunuliwe miguu. Mimi kidole kidogo cha kushoto hakina kucha. Cha yule kilikuwa nayo. Akasema, "Siye." Kaka zangu wakamvuta pembeni: kubali tu ndiye, tuzike, wadai wakiona kaburi watachoka. Akakataa. Wakamsusa.

Nilirudi 2020. Haya kanisimulia mama yangu. Mke wangu mpaka leo hajawahi kuyatamka.

Ng'wana Igoma:
Mungu wangu.

Kijana wa Mabatini:
Subiri. Ndugu zako walitaka wazike mtu wasiyemjua ili deni lako liishe?

Mama Wawili wa Nyakato:
Na yule marehemu alizikwa na nani?

Wa Visiwani:
Sijui, dada. Huwa namfikiria. Mke wangu yupo, hapa ninapoandika anachambua mchele.

Karani Mstaafu:
Kwa wanaowaza kukimbia. RITA ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hilo neno la katikati halikuwekwa kwa bahati mbaya. Kuna Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Mdaiwa mwenyewe anaweza kuomba Mahakama Kuu imtangaze mufilisi, mali zake zigawiwe wadai kwa utaratibu, baadaye aombe kufunguliwa, yaani aondolewe kwenye ufilisi. Kifungo cha madai nacho kipo, ila anayekudai ndiye anayelipia chakula chako huko ndani.

Mwana Kirumba:
Mzee wangu, nani huku atakwenda kuomba mwenyewe atangazwe mufilisi? Gari la spika angalau linapita likaenda.

Ng'wana Igoma:
Mimi ilikuwa mikopo ya simu. Wakawatumia ujumbe watu wote niliowahifadhi, padri na mkwe wangu wakiwemo: "Mwambie tapeli huyu alipe." Benki Kuu ilipozifungia programu 69 Novemba 2024 na ile iliyonikopesha imo, nililia. Mkwe alikuwa ameshausoma ule ujumbe. Ushauri wangu: hama mji.

Mama Wawili wa Nyakato:
Usihame! Fua nguo, pita njia ile ile. Wanachoka kukutazama.

Kijana wa Mabatini:
Au badili kanisa tu. Dada wa Nyakato, nisamehe. Niliandika kabla sijafikiri.

Mama Wawili wa Nyakato:
Yameisha.

Muuza Nyavu:
Wa Visiwani umenikosesha usingizi. Nimempigia yule mtu wangu kwa simu ya mke wangu, akapokea. Aliposikia sauti yangu akanyamaza mpaka nikadhani imekatika. Nikamuuliza watoto hawajambo? Akasema hawajambo. Hela hana. Amesema Jumapili anakuja.

Mama Wawili wa Nyakato:
Jumapili jioni uje utuambie, kaka.