Tupeane uzoefu: umeshasafiri mbali na gari ya spoti? Ilikuwaje?

GiaYaSita
Wakuu habari za humu. Wenye gari za spoti naomba mtiririke hapa, nazungumzia zile zenyewe za chini chini, milango miwili, au hata zile za milango minne zenye turbo na shokapu ngumu, siyo gari ya kawaida iliyobandikwa stika ikawekewa ekzosi ya kelele. Kila nikisema nasafiri na yangu naambiwa "hiyo ni ya kuzungukia mjini, ukienda nayo mbali utalia". Mimi naona tofauti, injini ya hizi gari safari ndefu wala haiisumbui, wanaochoka ni dereva na tairi.

Nianze mimi. Nina Toyota GT86 ya manyuo. Buti yake watu wanaicheka lakini ukilaza siti ya nyuma inameza tairi 4 nzima, ilitengenezwa makusudi hivyo kwa wanaoenda nayo kwenye mashindano, kwa hiyo mizigo ya watu wawili inaingia na nafasi inabaki. Kinachokera ni gia fupi. Ukiwa 120 kwenye gia ya 6 injini iko rpm 3,000 na ushee, ile ngurumo mnakula nayo sahani moja mpaka mnafika. Wife kashaniambia safari ijayo nichague, muziki au injini, vyote viwili hapana. Haya karibuni.

MpandaMlima
Subiri nikae vizuri, huu uzi nilikuwa nautafuta.

BiMkubwaWaGiza
Mimi ni mama wa Mazda MX-5 ile ND ya paa la kufungua, ile buti ni lita 130 tu kwa hiyo kitu cha kwanza sahau masanduku yale magumu ya matairi, hayaingii au linaingia moja na ndo basi. Nabeba mabegi laini ya kusokota, nayapanga moja moja, viatu nasukumia kwenye zile kona za pembeni. Tenki ni lita 45 ila ukiwa na mguu mwepesi inaenda mbali kuliko unavyodhani maana gari yenyewe ni nyepesi.

Sasa niwaambie kuhusu kufungua paa, kwenye picha panapendeza sana, ila masaa mawili kwenye barabara kuu na jua la saa saba hata kofia haisaidii, na upepo unapiga masikio mpaka ukishuka unasikia uuuuu. Kuna kiwango cha desibeli 85 kwa masaa 8 ambacho wataalamu wa usikivu wanakihesabu ndo mwisho, na gari ya wazi kwenye mwendo inaweza kukipita. Kwa hiyo mimi nafungua asubuhi na jioni, katikati nafunga nawasha AC zangu. Waliobaki wafie uzuri.

Kisigino
Dada @BiMkubwaWaGiza hapo kwenye upepo umenena. Mimi kilichonitesa ni siti. Gari nimeikuta imefungwa siti za mashindano zile zisizolala, zinakubana mbavu vizuri kwenye kona ila barabara kuu haina kona mkuu, imenyooka tu, umekaa mkao mmoja kama sanamu na klachi ngumu juu yake. Kiuno kiliwaka moto. Sasa hivi kila baada ya masaa mawili nashuka natembea hata kama sijachoka, na taulo nakunja naweka mgongoni pale chini kwenye mkanda. Hiyo taulo imenisaidia kuliko dawa zote nilizopewa.

FundiWaUsiku
Naomba mnisikilize kwenye ishu ya spea tairi maana wengi hamuijui mpaka pancha iwakute.

Niko na gari inayosukumwa na tairi za nyuma, ina difu ya kubana (LSD), ile inayozuia tairi moja ya nyuma isizunguke peke yake ikiteleza. Pancha ikatokea nyuma, usiku, pembeni ya barabara. Spea ni ile nyembamba ya dharura, mwisho 80 kwa saa. Niliyekuwa naye akasema funga hapo hapo nyuma twende. Nikamwambia hapana, ile spea ina kipenyo tofauti na tairi nzima, ukiiweka nyuma difu inadhani tairi moja inateleza muda wote, inafanya kazi isiyo yake inapata moto. Inatakiwa utoe tairi nzima ya mbele uilete nyuma, spea ikae mbele. Kwa hiyo jeki mara mbili. Tunafika mbele sasa, spea haiingii! Kalipa za breki za mbele, vile vibano vinavyokamata diski, ni zile kubwa za pistoni 4, rimu ya spea inagusa kalipa kabla haijakaa kwenye hub. Nilizungusha nikaangalia na tochi ya simu, imebaki nafasi ya kama unene wa kidole na ndo imegoma. Aliyeniuzia breki hakusema neno. Tukarudisha spea nyuma, tukatembea mdogo mdogo mpaka pa kuziba pancha, si mbali kushukuru.

Kwa hiyo kabla ya safari, ukiwa nyumbani kwako mchana, piga jeki, jaribisha spea mbele na nyuma. Dakika chache tu.

GiaYaSita
Duh @FundiWaUsiku hii ya kalipa sijawahi kuisikia popote. Na wale wasio na spea kabisa? Siku hizi nyingi zinakuja na kichupa cha dawa na kipampu.

FundiWaUsiku
Dawa inaziba tundu la msumari pale katikati kwenye meno ya tairi. Tairi ikichanika ubavuni ile dawa ni mapambo. Wenye ranflati, zile tairi zinazotembea hata zikiisha upepo, nao wanapewa kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80, kwa hiyo ikitoboka mkiwa mbali na kila kitu mahesabu yanaanza. Nissan GT-R R35 zilitoka kiwandani na ranflati hivyo hivyo.

Pia mjue hizi gari zikishushwa, tairi zinalazwa kwa ndani kidogo, zinaliwa upande wa ndani ambao ukisimama hapo nje huuoni. Ingiza mkono nyuma ya tairi upapase. Nje meno yamejaa, ndani umefika kwenye waya.

MzeeWaRotari
Vijana mimi natembelea Mazda RX-8, ile ya injini ya rotari isiyo na pistoni, mnisamehe. Ile injini imetengenezwa kunywa oili, kuna pampu inachirizisha oili ndani kule mafuta yanakoungua ili zile sili zilainike, so siyo ugonjwa. Safari ndefu nabeba oili kwenye buti na kila nikijaza mafuta mara mbili napima. Gari iwe sehemu tambarare, zima, subiri dakika kadhaa oili ishuke, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Wengi wanasoma ule mchomo wa kwanza, ule ni uongo.

Halafu usiiwashe ya baridi kwa ajili ya kuisogeza tu hatua mbili hotelini ukazima. Inalowa mafuta, asubuhi haiwaki mnaanza kusukumana mbele ya wageni. Ukiwasha acha ipate moto kwanza.

Zaidi ya hapo barabara kuu ndo kwao. Laini, haitetemeki, na ukishusha gia kuovateki ile sauti inavyopanda mpaka 9,000... basi tu.

TingaTingaMtupu
Naona mnajifariji hapa. Gari ina nafasi ya watu wawili na mkoba, tumbo linasuguliwa na kila tuta, mafuta mpaka uulize oktani, spea haiingii, mara oili kwenye buti. Mimi na SUV yangu napita mashimo nimelala. Safari ndefu ni raha wakuu siyo adhabu.

KonaKali
@TingaTingaMtupu wewe umelala ndo maana unakaa kwenye leni ya kulia na 70 😂

Ila kwenye oktani, ile namba ya petroli inayoonyesha inavyohimili injini isigonge, yuko sahihi, tusibishane. Yangu ina turbo, kitabu kinataka 98. Ukiweka ya chini injini inaanza kugonga, sensa inasikia, kompyuta inachelewesha moto kwenye plagi, gari inakuwa nzito na inakula zaidi. Haifi hapo hapo, lakini kupanda mlima mrefu na mzigo huku umekanyaga mpaka chini kwa mafuta ya oktani ndogo ni kuitafuta. Kwa hiyo nikikuta kituo chenye 98 najaza hata kama nina nusu tenki. Na turbo ile, kilomita za mwisho kabla ya kusimama endesha taratibu ipoe ukiwa unatembea, usitoke mbio ukazima papo hapo.

BiMkubwaWaGiza
Hakuna anayezungumzia watu wanaoleta ligi? Ukiwa na gari ya chini kila mtu barabarani ana hoja na wewe. Unatembea zako 100, mtu anakuja anakugandia nyuma na mataa, ukimpisha hapiti, anataka ukimbie. Mimi namwashia indiketa, napunguza mpaka aone aibu apite. Na malori, tuko chini sana, dereva wa lori kule juu hakuoni ukiwa ubavuni kwake, usikae pale, pita au baki nyuma. Usiku taa za gari ndefu zinaingia moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma, kigeuze.

Kisigino
Ligi zinakula mafuta pia. Upepo unapingana na gari kwa mraba wa mwendo, kutoka 120 kwenda 140 upinzani unaongezeka zaidi ya theluthi moja. Jamaa alikuwa ananipita kila saa, nikawa namkuta kila kituo cha mafuta, mara ya tatu tukaanza kusalimiana.

MvuaYaMasika
Wenye tairi za nusu sliki mkiona mawingu pungueni mapema. Tairi pana isiyo na mifereji haikati maji, inapanda juu yake, usukani unakuwa mwepesi ghafla na hapo breki usiguse, achia mafuta taratibu. Nchi nyingi sheria inataka meno mm 1.6, kwenye mvua kubwa hiyo ni ndogo sana kwa gari hizi. Na mnaokwenda kwenye baridi, tairi za kiangazi zikishuka chini ya nyuzi 7 zinakuwa ngumu, asubuhi kona ya kwanza msijifanye mmeshaamka.

MpandaMlima
Nimesoma yote, ndo nikashuka na jeki sasa hivi. Spea mbele haiingii. Inagusa kalipa.

FundiWaUsiku
Pole mkuu. Tafuta speza (kile kipande cha kusogeza rimu nje) au spea ya rimu kubwa zaidi, pima kabla hujalipa. Unaondoka lini?

MpandaMlima
Ijumaa.

FundiWaUsiku
Muda upo. Tuma picha ya rimu, ule upande wa ndani.