Tupeane uzoefu: paka kula majani, kwa nini anakula na namna ya kumwoteshea ndani

Kibaraza_Tanga
Habari zenu wadau. Naomba uzi huu tukusanye yale tunayoyajua kuhusu paka na majani, hasa paka wa fleti asiyetoka nje. Tuwekeane vipimo na sababu, ili anayesoma leo aweze kuotesha kesho.

Naanza na sababu. Wengi tumezoea kusikia kwamba paka hula majani akiumwa tumbo ili atapike. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwahoji zaidi ya watu 1,000 wanaofuga paka, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Asilimia 71 walikuwa wamemwona paka wao akila mimea si chini ya mara sita. Waliosema paka hutapika mara nyingi baada ya kula walikuwa asilimia 27 tu, na asilimia 91 walisema ni nadra kumwona ana dalili ya ugonjwa kabla ya kula. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba hii ni tabia ya kurithi: paka wa porini hubeba minyoo, na nyuzinyuzi za majani huuchangamsha utumbo uisukume nje. Sokwe nao humeza majani mazimamazima kwa kazi hiyohiyo. Paka wako aliyekwisha kunywa dawa ya minyoo hana cha kusukuma, ila hamu imebaki.

Kwa hiyo usimpige wala usimfukuze akikimbilia majani. Na msiache dawa ya minyoo eti kwa sababu anakula nyasi.

Shamba_la_Dirishani
Ahsante mkuu. Mimi naweka namna ya kuotesha ngano, maana ndiyo rahisi kupatikana na majani yake ni laini.

Chukua chungu kizito chenye upana wa sm 15 na kina cha sm 8 hivi, chenye matundu chini. Uzito ni wa lazima: paka huvuta jani kwa meno ya pembeni, na kopo jepesi la plastiki litamfuata hadi sakafuni. Ngano kavu vijiko viwili vya chakula inatosha chungu hicho. Ioshe, iloweke saa 8 hadi 10, imwage maji, ioshe tena. Jaza udongo hadi ubakize sm 2, tandaza punje zikaribiane bila kupandana, funika kwa udongo wa nusu sentimita, nyunyiza maji, kisha tandika kitambaa kibichi juu. Siku ya pili au ya tatu vichipukizi vikianza kuinua udongo, ondoa kitambaa upeleke dirishani.

Udongo uwe mwepesi: wa kawaida uliochanganywa na unga wa makumbi ya nazi unafaa sana. Usiweke mbolea ya chumvichumvi wala samadi. Punje ina akiba yake ya kutosha wiki mbili, na mbolea yote itaishia mdomoni mwa paka.

Majani yakifika sm 10, mpe. Mizizi itakuwa imeshikamana vya kutosha, asing'oe mche mzima na udongo wake. Chungu kimoja hudumu wiki mbili, tatu ukibahatika. Kikianza kuwa cha manjano kitupe. Anza kingine kila baada ya siku 8 au 10 ili usikose.

Bi_Nafaka
Ndugu zangu, hapo kwenye kununua ngano ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, naomba tupasome taratibu.

Ngano ya duka la pembejeo ni ya kupanda shambani, na mara nyingi imepakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu. Utaiona ina rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani. Hiyo usiiguse kabisa, hata ukiiosha mara kumi.

Ngano ya gunia sokoni nayo ina yake. Wahifadhi nafaka wengi huchanganya dawa ya unga ya kuzuia dumuzi na fukusi, na baadhi ya dawa hizo zina permethrini. Binadamu na mbwa huivunja kemikali hiyo mwilini bila shida kubwa, lakini ini la paka huivunja polepole mno. Dalili zake ni mate kumtoka, misuli kutetemeka, kisha degedege. Muulize muuzaji waziwazi kama gunia lilitiwa dawa. Ukiona vumbi jeupe lenye harufu kali, achana nayo. Iliyo salama zaidi ni ngano nzima ya kula iliyofungwa kwenye pakiti.

Jambo lingine: ngano ya boko boko iliyokobolewa haioti. Ganda limetolewa na kiini kimevunjika, itaoza tu. Kabla ya kulowesha nyingi, funga punje 20 kwenye kitambaa kibichi siku tatu. Zikiota chini ya 15, tafuta nyingine.

Pwani_Joto
Kwa sisi wa Dar, Mombasa na Zanzibar, tatizo ni joto. Ngano inapenda ubaridi. Ukiiloweka saa 12 kwenye chumba cha nyuzi 30 na zaidi, inachacha: maji yanatoa povu na punje zinanuka pombe. Huku saa 6 zinatosha, na maji yabadilishwe mara moja katikati. Chungu kikae sakafuni upande usiopigwa na jua la mchana, lile la asubuhi linatosha.

Watu wengi hutupa chungu kizima kwa kudhani kimeota ukungu, kumbe ni vinyweleo vya mizizi. Vinyweleo huzunguka mzizi mmoja mmoja na hulala ukinyunyizia maji. Ukungu hutanda kama utando kutoka punje hadi punje, una harufu ya uvundo, na hauondoki kwa maji. Ukiuona usikate majani ya juu ukampa, tupa vyote. Unasababishwa na punje zilizorundikana, punje zilizovunjika na maji kutuama. Baada ya kuota, weka chungu kwenye sahani ya maji dakika 10 kinywe kwa chini, kisha kitoe.

Mkulima_Dodoma
Huku kwetu ngano nzima ni adimu, hivyo mtu anaweza kushawishika kuotesha mtama. Msifanye hivyo. Miche michanga ya mtama hutengeneza sianidi, na ndiyo maana wafugaji huzuia ng'ombe wasiingie kwenye mtama uliochipua upya. Uwele hauna sumu hiyo. Tumia nafaka isiyotiwa dawa, kama alivyosema Bi Nafaka.

Maua_na_Paka
Niongeze kuhusu maua ya ndani. Ukimwekea paka chungu cha ngano huku sebule imejaa mimea mingine, ataonja yote.

Yungiyungi la mashada ya harusi, lenye petali kubwa na chavua ya kahawia, ni baya kuliko yote. Chavua aliyoilamba kwenye manyoya au maji ya chombo cha maua yanatosha kuua figo ndani ya siku tatu. Mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, kabla hajaonyesha dalili. Mtapo, ule unaofanana na mnazi mfupi bustanini, huharibu ini, na mbegu zake ndizo kali zaidi. Ule unaotambaa wa majani ya umbo la moyo, unaowekwa kwenye chupa ya maji, huchoma mdomo na ulimi. Mshubiri huharisha. Mchaichai wengi huudhani ni nyasi tu, lakini mafuta yake huchafua tumbo na kingo za jani hukata. Uwekwe mbali.

Kibaraza_Tanga
Nashukuru sana. Je, kiasi gani kwa siku? Na akitapika?

Shamba_la_Dirishani
Mwekee dakika 5 hadi 10 kisha ondoa chungu, hasa kwa paka mlafi. Kutapika majani mara moja moja, pamoja na fundo la manyoya, si ugonjwa. Akitapika zaidi ya mara moja au mbili kwa wiki, akitapika damu, akikosa choo, akikonda au akikaa siku nzima bila kula, apelekwe hospitali. Paka asiyekula huanza kujaza mafuta kwenye ini upesi, hasa mnene.

Bi_Nafaka
Na jani linaweza kupanda nyuma ya pua wakati anatapika. Utamwona anapiga chafya mfululizo, anameza mate ovyo, tundu moja la pua linatoa kamasi. Usichokonoe, kwa sababu kingo za jani zina meno madogo yanayokwaruza likivutwa vibaya. Daktari humlaza kwa dawa na kulitoa kwa koleo. Nyuzi ikining'inia nyuma baada ya choo, usiivute pia: inaweza kuwa uzi wa nguo uliojifunga utumboni, na ukiuvuta unaukata utumbo. Hatari ya jani kupanda puani hupungua ukipunguza majani marefu kwa mkasi yabaki sm 10.