Wino unatuama kwenye mikunjo ya kipepeo cha Kichina: tatizo ni karatasi, wino au mkono?

Mwanagenzi wa Brashi:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaochora kwa wino wa Kichina kwenye vipepeo vya kukunja, vile vya kujipepea. Vipepeo ni vitatu, vya cun 9.5, kipimo cha Kichina (kama sentimita 32 kikiwa kimefungwa), fito 16 za mwanzi, na vyote vimeshavishwa karatasi. Michoro ni mianzi na okidi, wino mtupu bila rangi.

Cha kwanza ni karatasi nyeupe. Wino unasambaa, jani la mwanzi linageuka doa, na umepenya hadi upande wa pili. Cha pili nacho ni cheupe, wino hausambai, ila unatuama kwenye mabonde ya mikunjo na kuruka migongo, kwa hiyo jani refu la okidi linatoka vipande vipande. Cha tatu ni cha karatasi ya dhahabu: wino unajikusanya matone kama maji juu ya jani la gimbi. Juu ya hayo, cha pili kilifungwa saa tatu baada ya kuchorwa na sasa kanda zake, yaani vipande vya karatasi kati ya mikunjo, zimegandana. Wino ni wa chupa. Je, fito zing'olewe kwanza?

Fundi Karatasi:

Mkuu, hapo una karatasi tatu tofauti, kila moja na tabia yake. Tuanze na hizo nyeupe.

Cha kwanza ni karatasi ya xuan mbichi, ile inayotengenezwa Jingxian, mkoa wa Anhui, China, kwa maganda ya mti wa qingtan na mabua ya mpunga. Mbichi maana yake haijapakwa kitu, inakunywa wino papo hapo. Cha pili ni xuan iliyoiva, imepakwa gundi na shabu, kwa hiyo wino unakaa juu. Kabla ya kuchora kipepeo chochote, dondosha tone la maji kwenye ukingo wa chini, karibu na fito. Likizama mara moja, ni mbichi. Likikaa na kung'aa, imeiva.

Kwa mianzi na okidi za mikupuo michache, mbichi inafaa sana, ila brashi ibebe wino kidogo. Ichovye, ikamue ukingoni mwa kisahani, kisha igusishe tishu karibu na shina la manyoya, si kwenye ncha. Maji yanayoharibu jani hujificha pale tumboni mwa brashi. Kupenya hadi nyuma ni kawaida: karatasi ya kipepeo ni tabaka mbili au zaidi zilizobandikwa, na fito hupita katikati yake. Ukitaka kuandika shairi upande wa pili, kama Wachina walivyozoea, chagua iliyoiva.

Kuna watakaokushauri uipake hiyo mbichi gundi na shabu mwenyewe. Inawezekana, lakini kabla ya kuvishwa fito tu. Gundi ya ngozi gramu 2, shabu isiyozidi gramu 1, maji mililita 100. Gundi ilowekwe usiku kucha, iyeyushwe kwenye bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto bila kuchemka, shabu iyeyushwe peke yake, vichanganywe vikipoa. Pitisha brashi pana mara moja tu, usirudie palepale. Shabu ikizidi, karatasi inameta chembechembe kama chumvi na inakuwa kavu na dhaifu. Kwenye picha ya ukutani hilo huchukua miaka kuonekana; kwenye kipepeo, kinachokunjwa na kukunjuliwa kila siku, karatasi itakatika kwenye mikunjo. Na ukipaka kipepeo chenye fito, maji yanalegeza kile kibandiko cha wanga kinachoshika tabaka, zinaachana.

Wino wa Msonobari:

Naongezea upande wa mkono na wino, maana karatasi nzuri pekee haitamaliza tatizo la mabonde.

Kipepeo cha fito 16 kina takribani kanda 30. Jani la okidi linaweza kuvuka kanda kumi, yaani brashi inapanda mara tano na kushuka mara tano katika mkupuo mmoja. Laza kipepeo juu ya ubao mgumu, kifungue zaidi kidogo ya kawaida ili mikunjo ilale, kisha bana miamba miwili ya nje (fito nene za pembeni) kwa vibanio vipana vyenye kitambaa ndani. Mkono wa kushoto uvute karatasi mbele ya brashi, ukisogea nayo. Brashi isimame wima. Ikilala, ubavu wake unagonga migongo tu na bonde linabaki jeupe. Mwendo utoke kwenye kiwiko, wa kasi moja. Ukisita bondeni, wino unashuka na kutuama. Ukituama, usingoje: ncha ya brashi kavu na safi iunyonye hapo hapo. Baada ya dakika moja ukingo wa doa umeshakauka na hautoki tena.

Kwa karatasi iliyoiva tumia manyoya ya kicheche, ni magumu na yanarudi yenyewe. Manyoya ya mbuzi yanabeba maji mengi mno kwa kazi hii.

Sasa wino wa chupa. Mwingi una vibandiko vikali ili ung'ae, na ndivyo vilivyogandisha kanda zako, hasa kukiwa na unyevunyevu kama wa pwani. Saga mche wa wino (wino mkavu wa masizi) kwenye jiwe, kwa maji machache, polepole. Masizi ya mafuta hutoa weusi wenye uhai na kung'aa kidogo. Masizi ya msonobari hutoa weusi uliofifia, unaoelekea buluu. Kwa mianzi mimi napendelea ya mafuta. Tenga visahani vitatu: mzito, wa kati, mwepesi kama chai ya rangi. Kwenye karatasi iliyoiva anza na mwepesi, acha ukauke kabisa, kisha mzito. Usirundike tabaka. Wino mnene kwenye mkunjo hupasuka, na rangi za mawe kama ile buluu ya azuriti hubanduka vibaya zaidi.

Zilizogandana usizivute. Ingiza kijiti chembamba cha mwanzi kilicholainishwa ncha, kutoka chini karibu na fito kwenda juu, ukanda mmoja baada ya mwingine. Kingine kikishachorwa, kiache wazi siku mbili au tatu.

Bi Muhuri Mwekundu:

Suala la fito mmelipita haraka. Mimi nasema usizing'oe kwenye hivyo ulivyonavyo, maana ukanda wa mwisho kila upande umebandikwa kwenye mwamba wa nje na ukiubandua kwa papara utachana. Ila vya kununua baadaye, nunua karatasi tupu ya kipepeo, bapa, ambayo haijakunjwa. Unachora kama picha yoyote, kisha inakunjwa kati ya kadi mbili ngumu zilizokwishakunjwa kama kiolezo, njia za fito zinafunguliwa kwa upapi mwembamba wa mwanzi, na fito zinapita. Hata vipepeo vya wachoraji wa Suzhou wa enzi ya Ming, akina Shen Zhou na Wen Zhengming, vingi vimetufikia kwa sababu vilivuliwa fito na kubandikwa bapa kwenye albamu. Ukivitazama, alama za mikunjo bado zinaonekana.

Ubaya wa karatasi bapa ni kwamba unasahau mikunjo ipo. Ichore kwa kufikiria mahali itakapopita: moyo wa ua, jicho la ndege, uso wa mtu viwe katikati ya ukanda. Na upinde usikudanganye. Mwanzi unaosimama wima katikati ni sawa, lakini ukiuchora wima vilevile pembeni utaonekana unaanguka, kwa sababu pale mistari yote inaelekea kwenye pini inayoshika fito chini. Uinamishe kidogo ufuate fito. Ndiyo maana wengi huingiza tawi kutoka upande mmoja na kuacha theluthi ya kipepeo tupu. Maandishi nayo hufuata kanda: safu ndefu, kisha fupi ya herufi mbili au tatu juu, kisha ndefu tena, maana chini kanda zinabanana.

Dhahabu: chukua pamba kavu, poda kidogo ya talki, sugua taratibu, pangusa yote. Ukiona bado inakataa, tone moja la sabuni ya maji kwenye kijiko cha wino. Zaidi ya hapo weusi unafifia. Chora mara moja bila kurudia, kwani mkupuo wa pili unabeba ule wa kwanza. Faida yake ni kwamba kosa bichi linafutika kwa pamba yenye unyevu.

Mwanagenzi wa Brashi:

Nashukuru sana, wakuu, nawe Bi. Swali la mwisho: muhuri wa mchoraji unagongwaje hapo kwenye mikunjo?

Bi Muhuri Mwekundu:

Chagua muhuri mdogo unaoingia ndani ya ukanda mmoja, usivuke mkunjo. Weka kadi ngumu chini ya ukanda huo ili usibonyee, gonga, bonyeza pembe nne, inua moja kwa moja. Ule wekundu umechanganywa na mafuta, haukauki kama wino. Ukifunga mapema utapata muhuri wa pili, uliogeuka, kwenye ukanda unaotazamana nao. Nyunyizia poda ya talki, puliza baada ya siku moja, na kwa wiki nzima ukikifunga weka kipande cha karatasi ya nta juu ya muhuri. Kwenye dhahabu ongeza wiki nyingine.