Ramu ya nanasi inatoa povu na kusukuma kifuniko: nimekosea wapi?

Kaunta_Paje

Asalaam aleikum wadau. Hoteli inataka ramu ya nanasi ya kwetu, ifanane na zile za viwanda vidogo: harufu ya nanasi lililoiva, bila utamu wa kukera. Nilivyofanya: nanasi lililomenywa kilo 1.2, vipande vidogo, sukari gramu 300, nikaviacha mezani tangu alasiri hadi kesho yake mchana vitoe maji. Kisha nikamimina chupa moja ya ramu nyeupe, mililita 750, asilimia 37.5. Mtungi ni wa kioo, lita 3, kifuniko cha kukaza.

Siku ya nne kuna povu jeupe juu, vipande vyote vinaelea, kifuniko kikilegezwa kinapiga "pssss", na ramu imekuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Harufu haijaoza ila ina uchachu. Kosa liko wapi, inaokoleka, na vipimo sahihi ni vipi?

Fundi_Mkeneko

Waaleikum salaam. Mkuu, nanasi linachacha humo ndani. Piga hesabu uone mwenyewe.

Mililita 750 za asilimia 37.5 zina alkoholi halisi mililita 281. Nanasi ni maji kwa takriban asilimia 86, kwa hiyo kilo 1.2 imeingiza maji lita moja na ushei. Sukari gramu 300 ikiyeyuka inachukua nafasi ya mililita 185 hivi. Jumla karibu mililita 1,970. Gawa 281 kwa 1,970, unapata asilimia 14. Hiyo ni nguvu ya mvinyo wa zabibu, na hamira inaishi humo. Tena hamira iliyotoka kwenye ganda na ubao wa kukatia ilipewa karibu siku nzima ya kula sukari katika joto la Unguja kabla ramu haijafika. Isitoshe, kipande kinachoelea nusu yake ikiwa juu ya ramu hakilindwi na chochote.

Kwa hiyo usianze na sukari hata siku moja. Sukari huingia mwisho kabisa, ikiwa shira, baada ya kuchuja.

Vipimo: nyama ya nanasi gramu 400, ramu ya asilimia 40 mililita 500, na ramu kali ya asilimia 57 mililita 500. Alkoholi halisi ni 200 na 285, jumla 485. Maji ya nanasi ni 344. Gawa 485 kwa 1,344: asilimia 36. Ukiongeza shira mililita 100 mwishoni unabaki na 33 na nusu, na hapo hamira haina pa kushika. Kama ramu kali haipatikani, lita nzima ya asilimia 40 kwa gramu 400 inakupa karibu 30. Huo uwe mpaka wako wa chini, na shira usiitie mtungini, itie kwenye glasi ya mteja.

Chagua nanasi linalonukia kitakoni, lenye rangi ya dhahabu hadi nusu. Toa moyo mgumu, kata vipande vya sentimita mbili. Vikandamize kwa kisahani cha kioo vizame vyote, jaza hadi shingoni, weka kabatini gizani. Onja siku ya tatu, kisha kila siku. Kati ya siku ya tano na ya nane vipande hupauka na kuonja ramu kuliko nanasi: toa. Ukivisahau mwezi mzima utapata ladha ya majani yaliyochemka.

Akitokea mtu kukushauri uongeze nguvu kwa gongo, kataa katakata. Methanoli, alkoholi ya sumu inayoweza kuwemo humo, huitambui kwa macho wala kwa ulimi, na inapofusha, inaua.

Shangani_Baa

Nakubaliana na Fundi kwa yote isipokuwa ganda. Harufu kali ya nanasi imo gandani, na ukilitupa unabaki na utamu mtupu. Ile ramu ya nanasi ya Stiggins' Fancy, ya kampuni ya Plantation (siku hizi Planteray), imejengwa hivyohivyo: maganda hulowekwa kwenye ramu nyeupe kisha hukenekwa upya (huchemshwa na mvuke wake kupozwa), nyama hulowekwa kwenye ramu nyeusi, halafu vinaunganishwa.

Hotelini huna mtambo wa kukeneka, wala usithubutu kuubuni jikoni, mvuke wa alkoholi karibu na moto ni hatari tupu. Fanya hivi: sugua ganda kwa brashi na maji mengi, likaushe kwa taulo, likate membamba, litie oveni nyuzi 70 mlango ukiwa wazi kidogo mpaka kingo zikunjike. Gramu 60 za ganda kavu kwa mililita 300 za ramu nyeupe, siku mbili au tatu, basi. Zaidi ya hapo unavuta uchungu. Unganisha kidogokidogo na ile ya nyama. Mimi naona sehemu moja ya ganda kwa sita za nyama inatosha.

Kaunta_Paje

Shukrani sana. Na ile ramu kuwa na ukungu kama maji ya mchele je? Na hii ya mtungini niimwage?

Fundi_Mkeneko

Legeza kifuniko leo hiihii, na usiitie kwenye chupa za kufunga, kioo kitapasuka. Kwa wageni haifai tena. Ukitaka isipotee, chuja, ongeza maji safi kiasi sawasawa ili ishuke hadi asilimia 7, funika kwa kitambaa ipate hewa, tia siki mbichi kidogo kama mbegu. Baada ya miezi miwili au mitatu unayo siki ya achari. Asilimia 14 bakteria wa siki hawaimudu, ndiyo sababu ya maji.

Ukungu una vyanzo viwili. Kwanza hamira yenyewe. Pili pektini, ile inayogandisha jemu. Pima: kijiko kimoja cha juisi, vijiko vitatu vya ramu kali, kwenye glasi nyembamba. Ngoja dakika kumi. Ukiona nyuzi kama ute wa yai zinaning'inia katikati, ni pektini. Dawa yake ni ubaridi na subira: mtungi kwenye friji siku mbili au tatu, usiutikise, vuta ya juu kwa mpira mwembamba, masimbi yabaki chini. Ndipo upitishe kwenye melimeli iliyokunjwa mara nne, halafu karatasi ya kahawa. Wengi huanza na karatasi, inaziba baada ya mililita hamsini, wanakasirika na kukamua kwa mkono. Kukamua kunarudisha ukungu wote.

Haidromita ya alkoholi, kile kipimo cha kuelea, itumie kabla ya shira tu. Sukari huufanya ugiligili kuwa mzito, kipimo kinaelea juu na kukuonyesha asilimia ndogo kuliko iliyomo. Hata kabla ya shira, sukari ya tunda lenyewe inakipotosha, kwa hiyo hesabu ya karatasi iamini zaidi.

Mkoani_Viungo

Hapa Pemba tunaona watu wakirundika karafuu wakidhani ndiyo Uzanzibari wenyewe. Punje mbili kwa lita, saa 24, toa. Eugenoli, ile mafuta makali ya karafuu, ikizidi, ulimi unakufa ganzi na nanasi hulisikii tena. Kijiti cha mdalasini cha sentimita nne kinavumilia siku mbili. Vanila, ganda moja lililopasuliwa, ndiyo pekee ya kuacha wiki mbili na zaidi. Wenzetu wa Réunion na Madagaska wana jadi kubwa ya ramu za kulowekwa, na vanila hawaikosi. Viungo vilowekwe kwenye chupa yake peke yake, ndipo uunganishe. Kiungo kilichozidi hakitoki.

Kaunta_Paje

Na mabungo? Embe?

Shangani_Baa

Embe: menya, ganda lake usilitie, lina utomvu unaowasha midomo ya baadhi ya watu. Chukua bolibo au dodo lililoiva ila bado gumu kidogo. Likilainika linakuwa uji na hutalichuja hadi Idi.

Bungo ni kali kwa uchachu, gramu 200 kwa lita zinatosha. Usisage kokwa kwenye blenda, zinatia uchungu. Ziloweke na nyama yake hivyohivyo, siku tatu, kisha chuja kwa kifumbu kipya ambacho hakijawahi kugusa nazi, kwa sababu mafuta ya nazi yataelea juu ya chupa yako kama duara za taa.