Ushauri: natoka Tanga kwenda Dar kuendesha teksi mtandao, nianzie wapi?

Kijana wa Makorora: Wakuu, habari za jioni. Nina leseni daraja D, mwaka wa tatu sasa. Nataka niende Dar nikafanye teksi mtandao. Mmoja ananiambia lazima nipande hadi C3, mwingine anasema D inatosha, cha msingi usikutane na trafiki. Sijaanza chochote, nakusanya mawazo tu. Nimepanga kupiga kazi mchana tu.

Samli ya Pongwe: D ni ya gari lako na watu wako. Abiria akishalipa nauli unahitaji C, na kwa gari la watu wanne ni C3. Kozi kasome VETA hapahapa, au NIT, chuo cha usafirishaji, ukifika Dar. Leseni yenyewe 70,000 kwa miaka 5. Halafu kagua gari: namba ya njano ni la binafsi, la biashara namba nyeupe, na leseni ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, juu yake.

Baharia Mstaafu: Mwanangu, Dar unafuata nini? Mimi nimeendesha teksi Tanga hii tangu stendi haijahamia Kange. Ukimpeleka mtu Raskazone unarudi mtupu, ni kweli, lakini mchana unakula kwako. Mwaka 2022 Uber walisimamisha huduma huko kwa mvutano wa kamisheni na LATRA. Mpwa wangu alibaki na gari la watu mlangoni, na hesabu ya mwenye gari haijui mvutano. Alirudi na begi na redio.

Bi Chuda: Mkeo kasemaje? Tanga ndiyo waja leo waondoka leo. Dar mkienda hamrudi.

Spana 14: Mkuu, mimi nimekwama hapo kwenye "mchana tu". Mchana Dar ni foleni na kuchoma mafuta. Hela iko alfajiri, uwanja wa ndege, na usiku wa Ijumaa. Kwa nini mchana tu?

Kijana wa Makorora: Huwa nawahi kulala.

Spana 14: Dereva teksi anayewahi kulala 😂 Funguka, mkuu.

Kijana wa Makorora: Sawa. Jicho la kushoto giza likiingia halioni vizuri. La kulia zima kabisa. Na macho nilishapima nikapita: aliyenitangulia alisoma lile bango kwa sauti, nikazishika herufi. Gari nalo lipo, IST, hesabu 150,000 kwa wiki. Nimeuza mashine ya boti, nikatoa dhamana laki tano. Jumatatu nalichukua. Kwa hiyo msiniambie niache, niambieni nifanyeje.

Mtoto wa Sahare: Chai hii, na wala haina tangawizi. Saa kumi hujaanza chochote, saa mbili una gari, dhamana na jicho. Mwaka jana mtu alileta kisa hikihiki, kasoro yeye alikuwa na bodaboda na sikio.

Bi Chuda: Kama ni chai, nileteeni na mkate wa kumimina.

Spana 14: Hata mimi naanza kunusa majani. Weka picha ya mkataba.

Samli ya Pongwe: Chai au si chai, huenda ni mtoto wa jicho, na huyo anatolewa. Mama yangu alitolewa, siku ya pili akanisema shati langu chafu. Nenda hospitali ya Bombo wakuangalie.

Kijana wa Makorora: Picha siweki, ina jina la mwenye gari. Ila juzi magharibi nilitoka Kange na gari la shemeji. Kuna mzee alikuwa na baiskeli, haina taa, gunia la mkaa kwenye karia. Nilisikia kioo cha kushoto kikisema kru ndipo nikamwona. Hakuanguka. Aliegemea mlango, akaniuliza, "Mwanangu, hunioni?" Mke wangu hajui. Shemeji nimemwambia ni jiwe.

Bi Chuda: Ukamjibu nini?

Kijana wa Makorora: Nilimpa elfu kumi.

Baharia Mstaafu: Leo Jumamosi. Mpigie mwenye gari sasa hivi, usingoje kesho. Laki tano akikurudishia nusu, shukuru, uende nayo Bombo.

Mtoto wa Sahare: Chai yangu nimeifuta.

Kijana wa Makorora: Nimempigia, hapokei.

Mgeni wa Jiji: Ndiyo naingia. Hiyo IST pleti yake ni namba D au E? Kama jamaa anaiachia, mimi macho yote mawili yapo.